Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Kusomea Lugha ya Tembo

Barua za safari hii zimejaa tembo. Wengi wenu mnasoma makala za Kiingereza kuhusu namna wanyama hawa wanavyowasiliana, na mnakwama kwenye maneno hata pale ambapo sayansi yenyewe inaeleweka. Tumechagua barua zinazogusa matatizo ya wengi.

Swali: Kamusi yangu inasema "rumble" ni kunguruma, "roar" ni kunguruma, na "bark" ni kubweka. Kwani tembo anabweka? Nimemaliza ukurasa mzima bila kujua nani kalia vipi. Naomba mnitenganishie maneno haya.
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu*

Ndugu mwanafunzi, kamusi haikukosea, ila imekupa neno moja moja, na sauti za tembo hazipangiki hivyo. Kabla ya kutafuta tafsiri, uliza sauti imetokea kiungo gani. Tembo ana njia mbili kubwa za kutoa sauti, na Kiingereza kimezigawa kwa maneno tofauti.

Njia ya kwanza ni zoloto, kwa Kiingereza "larynx". Hewa inatoka mapafuni, inapita kati ya nyuzi sauti na kuzitetemesha, kama inavyokuwa kwa mtu anayeimba. Makala za sayansi huziita nyuzi hizo "vocal folds". Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Christian Herbst walipuliza hewa kwenye zoloto la tembo aliyekwisha kufa, wakaupata mlio mzito wa tembo bila ubongo kutuma amri yoyote. Sauti za njia hii ni "rumble", "roar", "cry", "bark" na "grunt".

Njia ya pili ni mkonga. Hewa inasukumwa kwa nguvu ipitie humo, na ndipo tunapopata "trumpet" na "snort".

Sasa neno kwa neno. "Rumble" ni mlio mzito unaoviringika kwa sekunde kadhaa. Kiingereza hulitumia neno hilo hilo kwa radi inayosikika mbali, kwa lori linalopita barabara ya nyuma, na kwa tumbo lenye njaa. Vitu vyote hivyo vina jambo moja: sauti nzito, isiyokatika ghafla, isiyo na ukali. "Roar" nayo ni kubwa, ina mkwaruzo, na mara nyingi humtoka mnyama aliyekasirika au kushtuka. Kwa Kiswahili radi ya mbali na simba aliye jirani wote wananguruma, ndiyo maana kamusi yako imejaa mngurumo. Kiingereza huwatenganisha. Ukikutana na "rumble", mara nyingi tembo anazungumza tu na wenzake: anaita, anajibu, anatuliza mtoto. Ukikutana na "roar", tafuta katika sentensi jirani ni kitu gani kimemsumbua.

"Bark" imechukuliwa kwa sababu ya umbo la sauti. Ni mlio mfupi unaokatika papo hapo, kama mbwa anavyobweka mara moja akanyamaza. Mbwa mwenyewe hahusiki, kwa hiyo tafsiri ya "mlio mfupi wa ghafla" inatosha. "Cry" utaikuta zaidi kwa watoto. "Grunt" ni mguno. "Snort" ni kufukuza hewa puani kwa kishindo, kama farasi.

Lililobaki ni "trumpet", na hapa wasomaji wengi huteleza. Wameshaona kwenye filamu tembo akipiga baragumu na kukimbilia watu, basi kila "trumpet" wanaifanya hasira. Tembo hupiga mlio huo pia akicheza, akiwa na furaha ya kukutana na jamaa zake, au akishtuka. Neno linakueleza sauti tu. Hisia itafute kwenye neno la pembeni: "playful trumpet" ni ya mchezo, "alarmed" ni ya hofu.

Tuongeze jambo la kitenzi, maana ndilo linaloharibu insha. Kiswahili kina "piga" kwa karibu kila sauti: piga kelele, piga mbinja, piga baragumu. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo. Kwa mlio wa kawaida husemwa "gave a rumble". Kwa mlio unaomtoka mnyama ghafla, "let out a roar". Makala za utafiti hupenda "produce" na "emit". Vyote vinaweza pia kufupishwa kwa kulifanya jina kuwa kitenzi: "she rumbled", "they trumpeted".

Makala yako ikihusu tembo wa Asia utakuta pia "squeak", mlio mwembamba unaosikika kama mpira wa kiatu ukisugua sakafu. Utafiti wa 2021 ulionyesha kuwa huutoa kwa kubana midomo na kupitisha hewa kati yake, yaani njia nyingine kabisa, tofauti na zile mbili za juu.

Swali: Wanafunzi wangu wanajua maana ya "low", "frequency", "contact" na "call", lakini wakiyakuta yameandikwa pamoja, "low-frequency contact calls", wanaduwaa. Niwafundisheje?
*Mwalimu wa Kiingereza*

Mwalimu, wafundishe kusoma rundo hilo kutoka nyuma. Kiswahili hutaja kitu kwanza, sifa zikafuata: "milio mizito ya kutafutana". Kiingereza hutanguliza sifa na kuacha kitu chenyewe mwisho. Mwanafunzi anayeanza kutafsiri kutoka kushoto anabeba sifa tatu mkononi bila kujua ataziweka juu ya nini.

Utaratibu ni huu. Tafuta jina la mwisho kabla ya kitenzi, kihusishi au alama ya kituo. Hapo ni "calls", milio. Rudi hatua moja: "contact". Milio ya nini? Ya kujuana mlipo. Rudi tena: "low-frequency". Milio ya namna gani? Mizito. Jibu limekamilika: milio mizito ambayo tembo hutumia kujulishana walipo. Kwa mfano mrefu zaidi, "long-distance elephant contact calls", njia ni ile ile: milio, ya kujulishana mlipo, ya tembo, inayofika mbali.

Kistari kina kazi yake na wanafunzi wasikiruke. Maneno mawili yaliyofungwa kwa kistari ni sifa moja, hayatenganishwi. "Female-led family" ni familia inayoongozwa na jike. Mwanafunzi asiyekiona kistari anaweza kuanza kutafsiri "jike aliongoza", na sentensi nzima ikaenda upande. Wengine hukutana na "let's-go rumble" wakadhani sentensi imevurugika. Ni mlio mmoja wenye jina: mlio wa "twendeni", ambao tembo huutoa akiwa amesimama pembeni mwa kundi, ameelekea anakotaka kwenda, mara nyingine mguu mmoja wa mbele ameunyanyua.

Jambo la mwisho ni "s". Waandikie ubaoni sentensi mbili: "An elephant calls at dusk" na "Elephant calls travel farther at dusk". Katika ya kwanza "calls" ni kitenzi: tembo analia. Katika ya pili ni jina: milio ya tembo. Ishara iko mwanzoni. Jina la kuhesabika la umoja kama "elephant" haliwezi kusimama peke yake kama mtenda bila "an", "the" au neno jingine la aina hiyo mbele yake. Likiwa tupu, basi limekuja kupamba jina linalofuata, na kitenzi bado kiko mbele: hapa ni "travel". Zoezi la sentensi 10 za namna hii linatosha kipindi kimoja, na litawafaa wasomapo habari za mnyama yeyote.

Swali: Makala moja inasema sauti ya tembo ni "low" lakini inasikika kilomita nyingi. Sauti ya chini inafikaje mbali? Na "frequency" na "range" zote kamusi imeniandikia "masafa".
*Msomaji wa siku nyingi*

Ndugu yetu, mkanganyiko huu umezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe, na umefanya vyema kuuliza. Tukisema "sauti ya chini" kwa kawaida tunamaanisha sauti ndogo, ya mtu anayenong'ona. Kiingereza cha sauti kina mizani mbili. Moja hupima ukubwa: "loud" ni kubwa, "soft" au "quiet" ni ndogo. Nyingine hupima uzito: "high" ni nyembamba, "low" ni nzito. Mlio wa tembo unaweza kuwa "low" na "loud" kwa pamoja, yaani mzito na mkubwa. Ukitafsiri "low" kuwa "nzito", nusu ya tatizo imekwisha.

"Masafa" nayo tunaitumia kwa umbali, kama katika mbio za masafa marefu, na pia kwa mawimbi, kama masafa ya redio. Kwenye makala hizi tenganisha hivi: "frequency" ni idadi ya mitetemo kwa sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi. Binadamu husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Msingi wa mlio mzito wa tembo mara nyingi huwa kati ya hezi 10 na 35, kwa hiyo sehemu yake iko chini ya uwezo wa sikio letu. Sauti iliyo chini ya hezi 20 ndiyo "infrasound": "infra" ni chini ya, "sound" ni sauti. Jihadhari na waandishi wanaodai kuwa hatusikii lolote. Mlio huo huo una sehemu za juu zaidi, na mtu aliye karibu na tembo husikia mngurumo. Kisichosikika ni ule msingi wake.

Neno "throb" pia litakutokea hapa, kwa sababu ya Katy Payne. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi hewa ikipwita karibu na tembo ingawa hakusikia kitu. "Throb" ni kupwita kabisa, kama jipu linavyopwita. Mtafiti huyo alikuwa ameshachunguza nyimbo za nyangumi, na kazi iliyofuata ilithibitisha kuwa tembo hutoa sauti zilizo chini ya upeo wa usikivu wa binadamu.

"Range" ina nyuso tatu. "Hearing range" ni upeo wa sauti ambazo kiumbe anaweza kuzisikia. "Long-range call" ni mlio unaofika mbali. "Home range" haihusu sauti hata kidogo: ni eneo ambalo tembo huzunguka kutafuta maji na malisho. Neno linalotangulia ndilo linaloamua.

Kuhusu umbali wenyewe, soma kwa makini vitenzi "detect" na "recognise". "Detect" ni kugundua kuwa kuna sauti. "Recognise" ni kumtambua mwenye sauti. Mlio unaweza kugunduliwa mbali kuliko unavyoweza kutambulika. Makala nyingi hutaja "up to 10 kilometres", lakini huko ni kusikika hali ya hewa ikiwa nzuri kabisa, hasa jioni, pale hewa baridi inapotulia karibu na ardhi na kurudisha sauti chini badala ya kuiacha ipotee juu. Majaribio ya Karen McComb na wenzake huko Amboseli, Kenya, yaliyochapishwa 2003, yalionyesha kuwa tembo walitambua aliyelia mara nyingi katika umbali wa kilomita 1 hadi 1.5, na mara chache hadi 2.5. Kwa hiyo "up to" isome "isiyozidi". Anayeandika kuwa tembo huzungumza kilomita 10 kila siku ameiruka.

Swali: Na "ground-borne" je? Nimeandika "waliozaliwa ardhini" na nikakosa alama.
*Mwanafunzi wa chuo*

"Borne" yenye "e" ni kubebwa. "Born" isiyo na "e" ni kuzaliwa. "Ground-borne vibrations" ni mitetemo inayobebwa na ardhi, na ndugu yake ni "airborne", ya kubebwa na hewa. Maandishi hayo huitumia pia "seismic", neno la matetemeko ya ardhi. Mtafiti Caitlin O'Connell-Rodwell alichunguza namna tembo wa Etosha, Namibia, wanavyoipokea mitetemo hiyo. Katika maelezo ya namna hiyo utakuta tembo "freeze", yaani wanaganda wasitikisike, bila uhusiano wowote na baridi. "Lean forward", wanaegemea mbele ili uzito uje kwenye miguu ya mbele. Na "foot pad", tabaka la mafuta lililo chini ya unyayo.

Swali: Naongoza watalii na ninaongea Kiingereza kila siku, lakini mgeni mmoja alicheka niliposema "elephant horns". Kosa liko wapi? Na kuna maneno mengine ya hatari kama hilo?
*Mwongoza watalii*

Kosa liko kwenye "pembe". Kiswahili kinaita pembe ya ng'ombe na ya tembo kwa jina moja. Kwa Kiingereza pembe ya ng'ombe au kifaru ni "horn", ya tembo ni "tusk", kwa kuwa ni jino: meno mawili ya juu ya mbele yaliyorefuka. Unapolitamka, vokali yake isinyooke ukasema "task" ya kazi. Mwenye pembe kubwa ni "tusker", asiye nazo ni "tuskless".

"Trunk" ni mkonga, lakini pia ni shina la mti, sanduku kubwa la safari, na kwa Kimarekani buti ya gari. Usishangae: nasi tuna "tembo" mnyama na "tembo" la mnazi, na hakuna anayechanganya. Kitenzi kinachofuata ndicho kinachokuonyesha. Mkonga "curls", unajikunja, "reaches", unanyooshwa kugusa, "sniffs", unanusa. Shina halifanyi hayo. Ncha ya mkonga ina vidole, "fingers": viwili kwa tembo wa Afrika, kimoja kwa wa Asia.

"Calf" ni ndama wa tembo, "l" haitamkwi, na wingi ni "calves". Kwenye kitabu cha tiba neno hilo hilo ni shavu la mguu. "Cow" na "bull" ni tembo jike na dume, si ng'ombe na fahali. "Herd" hutamkwa sawasawa na "heard", kwa hiyo mgeni akikuuliza jambo kwa mdomo, sikiliza kama neno limefuata "the" au limefuata mtu. "Matriarch", jike mkubwa anayeongoza familia, huanza na sauti ya "mei" na kumalizika na "k". "Ch" yake si ya "chai".

Na "charge" kwako ni neno la usalama kabla ya kuwa la sarufi. Hapa ni kushambulia kwa kukimbilia, haihusu malipo wala umeme wa simu. "Mock charge" ni shambulio la kutishia: tembo anakuja kwa kasi, masikio yametanuka, kisha anasimama kabla ya kumfikia mtu. Ukiwaeleza wageni, waambie pia kuwa jina hilo hutolewa baada ya tembo kusimama. Anapokuwa bado anakuja hakuna mwenye hakika, na aliye kwenye gari asifungue mlango kwa kuliamini neno.

Swali: Je, "musth" ni "must" iliyokosewa herufi? Naona pia "temporal gland". Tezi ya muda?
*Msomaji mpya*

Si kosa la herufi. "Musth" hutamkwa kama "must", ila asili yake ni neno la Kiajemi lililopitia Kihindi na Kiurdu, "mast", lenye maana ya kulewa. Ni hali inayomjia tembo dume aliyekomaa kwa vipindi: homoni ya testosteroni inapanda, anakuwa mkali, anatafuta majike. Ikiwa "musth" imetanguliwa na "in", kama "a bull in musth", huna haja ya kufikiri zaidi. "Must" ya "lazima" haikai hapo. Kwa tembo wa Afrika hali hii ilielezwa kisayansi na Joyce Poole na Cynthia Moss mwaka 1981, ingawa kwa wa Asia ilijulikana zamani sana.

"Temporal" unayoijua inatokana na wakati. Hii inatokana na "temple", nayo hapa ni panja, upande wa kichwa kati ya jicho na sikio. Ni tezi ya panjani. Majimaji yake huelezwa kwa vitenzi vinavyotofautiana kwa kiasi: "ooze" ni kuchuruzika taratibu na kwa unato, "stream" ni kutiririka. Kwa dume aliye katika hali hiyo utasoma pia "dribble urine", kudondosha mkojo matone kwa matone anapotembea. Harufu hizo ni ujumbe, na makala zikifika hapo huhama kutoka maneno ya sauti kwenda "scent", harufu ya kiumbe, na "secretion", kinachotoka tezini. Usiitafsiri "scent" kuwa manukato. Kwa tembo, majimaji ya panjani hutokea pia wakati wa msisimko, hata kwa majike wa Afrika, hivyo mstari mweusi shavuni peke yake haukuambii kuwa dume yuko "in musth".

Swali: Nilisoma kuwa tembo wana majina. Makala ilijaa "suggest", "better than chance", "addressed". Nikimaliza sijui kama wamethibitisha au la.
*Msomaji na mzazi*

Mzazi wetu, umegusa maneno ambayo tungependa kila msomaji wa sayansi ayajue, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopima ukweli, na wengi huyaruka wakitafuta maneno ya mnyama.

Utafiti wenyewe ulichapishwa mwaka 2024, Michael Pardo akiwa mwandishi wa kwanza. Ulichambua milio 469 iliyorekodiwa Kenya, huko Amboseli na katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kati ya 1986 na 2022. Kuna "callers" 101, waliotoa milio, na "receivers" 117, walioelekezewa. "Addressed to" hapa ni kuelekezwa kwa fulani. Anwani ya barua iweke kando. Kompyuta ilipewa milio ikajaribu kukisia kila mmoja umeelekezwa kwa nani. Ilipatia asilimia 27.5. Ilipopewa data iliyovurugwa makusudi, ilipatia kama asilimia 8.

Hapo ndipo "better than chance" inapoingia. Wengi husoma "chance" kama nafasi. Hapa ni bahati nasibu: kompyuta ilifanya vizuri kuliko anayebahatisha. Asilimia 27.5 ni ndogo ukiilinganisha na mtihani wa shule, ila ukiilinganisha na 8 utaona kuna kitu ndani ya mlio kinachohusiana na anayeitwa. "Significant" katika sentensi kama hizo haisemi kuwa jambo ni muhimu maishani. Inasema tofauti iliyoonekana si rahisi kuelezwa kwa bahati tu.

Kisha wakafanya "playback": wakapiga kwa kipaza sauti milio iliyorekodiwa, kwa tembo 17. Walipousikia mlio uliokuwa umeelekezwa kwao, walisogea haraka zaidi na kujibu mapema zaidi kuliko walipousikia wa tembo mwingine. Ndiyo maana watafiti wakaandika "suggest". Usiifanye kuwa "pendekeza"; hakuna aliyependekeza kitu. Ni "inaashiria". Ngazi zake, kutoka dhaifu kwenda imara, ni karibu hivi: "may" yaweza kuwa, "appear to" yaelekea, "suggest" yaashiria, "show" yaonyesha. Watafiti hao hawakuweza kutenga kipande cha mlio kilicho jina lenyewe, kwa hiyo neno lao limepimwa vyema. Kichwa cha habari kinachosema "wamethibitisha" kimepanda ngazi ambayo wenye kazi hawakuipanda.

Swali: Nijifunze maneno mangapi kwa siku, na kwa njia gani yasinitoke?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili*

Manane yanatosha. Chukua aya ya maneno 100 hadi 150. Isome mara ya kwanza bila kamusi, ukipigia mstari vitenzi tu, maana vitenzi ndivyo vitakavyokueleza nani anafanya nini. Mara ya pili tafuta maana. Kisha kwa kila neno andika kadi: mbele neno, nyuma sentensi nzima uliyolikuta ndani yake, na maelezo mafupi ya Kiswahili kwa maneno yako. Rudia kadi kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya 7.

Kosa kubwa tunaloliona ni kukariri "rumble", "roar", "bark" na "grunt" siku moja kwa kuwa ziko pamoja katika orodha. Maneno yanayokaribiana maana yakiingia kichwani kwa wakati mmoja yanagongana, na siku ya mtihani unakumbuka yote bila kujua lipi ni lipi. Leo chukua "rumble" pamoja na "trunk", "dusk" na "follow". "Roar" iache hadi wiki ijayo, "rumble" ikiwa imeshakaa.

Anza na aya hii tuliyokuandikia:

*At dusk the matriarch moved to the edge of the herd, lifted one forefoot and gave a long, low rumble. No one followed. She flapped her ears and called again. This time a young cow answered, and within minutes the whole family, calves in the middle, had fallen in behind her.*

Vitu vinne vya kuangalia. "Low" ni nzito. "Flapped" ni kupepea masikio; tembo hupepea pia ili kupoza mwili, lakini hapa kitendo kimeshikana na "called", basi ni sehemu ya wito. "Cow" ni tembo jike. Na "had fallen in behind her" hakuna aliyeanguka: "fall in" ni kujipanga kwenye mstari, kama askari wanavyofanya, na "behind her" ni nyuma yake. Wote wameshajipanga nyuma ya mama mkubwa, watoto katikati, safari imeanza.